Mwanga wa jua katika nyumba inayotazama magharibi: shajara ya kazi, Ipagala, Dodoma

8 Juni 2024: Nyumba ilivyo

Nyumba yetu iko Ipagala na inatazama magharibi, kwa kuwa barabara iko magharibi. Viwanja vingi vya mtaa huu viko hivyo, na mchoraji wa ramani hakuwa na la kuamua. Sebule iko mbele. Jiko liko kusini, linatazamana na ukuta wa jirani. Kaskazini kuna vyumba viwili, mashariki chumba cha watoto, na katikati inapita korido isiyo na dirisha hata moja. Paa ni bati, dari ni jipsamu, upenu umetoka sentimita 60 pande zote.

Dodoma jua tunalo la kugawa, ila ndani mwetu taa zinawaka mchana. Sebuleni, ikifika saa nane tunafunga pazia zito kwa sababu ya jua, kisha tunawasha taa kwa sababu ya pazia. Taa ya korido inawaka tangu asubuhi. Mama yangu anakaa nasi na ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Sebuleni hakai. Kiti chake kiko koridoni, gizani, na anasema huko macho yanapumzika.

Nataka mambo mawili: taa zizimwe mchana, na mama akae sebuleni na wenzake. Naandika ili mwenye nyumba kama hii aone cha kuiga na cha kuacha. Bei zote ni nilizolipa mimi, kwa shilingi. Kazi za kawaida kama kuchanganya zege na kupiga rangi sitazieleza.

Mwanga napima kwa programu ya simu inayosoma laksi, yaani kiasi cha mwanga kinachofika juu ya kitu. Simu si chombo cha maabara, lakini ukitumia simu ileile na kuilaza palepale kwa saa ileile, tofauti ya mahali na mahali inaonekana. Vipimo vya saa 4 asubuhi, siku isiyo na wingu: chini ya dirisha la sebule 900, kochi la nyuma 45, meza ya jiko 70, katikati ya korido 6. Nje juani programu ilipita 60,000. Ofisini watu hufanyia kazi kwenye laksi 300 hadi 500, kwa hiyo mwanga tunaouhitaji ni chembe tu ya ule ulioko uani.

22 Juni: Kufuata jua kwa chaki

Kabla ya kumwita fundi tumekuwa tukichora sakafuni kwa chaki, kila saa, mpaka pale jua linapofika. Watoto wameipenda kazi hii kuliko mimi.

Dodoma iko digrii 6 na kitu kusini ya ikweta. Sasa hivi, mwezi wa sita, jua liko upande wa kaskazini, na mchana linasimama kwenye digrii 60 hivi kutoka upeo wa macho. Desemba linahamia kusini na kusimama juu zaidi, digrii 73. Katikati yake, karibu na tarehe 5 Machi na tarehe 9 Oktoba, linapita juu ya kichwa kabisa. Jingine ambalo mafundi wengi hawalizingatii: mchana wa jua si saa sita kamili. Saa yetu inafuata mstari wa digrii 45 mashariki, na sisi tuko digrii 9 magharibi ya mstari huo. Mwezi huu jua linafika kilele karibu saa 6 na dakika 39. Ukipima kivuli cha upenu saa sita juu ya alama, umekipima kabla ya wakati wake.

Chaki imeonyesha hivi. Kaskazini upenu unatosha: mchana jua linagusa sehemu ya chini ya dirisha tu na kuacha kipande kidogo sakafuni. Magharibi upenu ni urembo. Saa 11 jioni jua liko digrii 20 tu, na kwa pembe hiyo upenu wa sentimita 60 unatia kivuli cha sentimita 20 na ushee ukutani. Jua linapita chini yake, linavuka sebule nzima na kupanda ukuta wa nyuma. Kurefusha upenu hakusaidii, labda uwe na baraza la mita tatu, na kiwanja hakitoshi.

Mama alikuja kuangalia michoro, akacheka. Kwao Mvumi alikulia kwenye tembe: kuta za miti na udongo, paa bapa lililofunikwa udongo, mlango ukitazama uani, matundu machache ukutani. Nilimuuliza walikuwa wakiona vipi mle ndani. Akasema mwanga uliingia mlangoni ukitokea chini, kwenye udongo wa uani, na mtu alikaa ubavuni mwa mlango. "Nani alikaa akiutazama mlango? Ungemjuaje aliyeingia?"

Kweli, mgeni akisimama mlangoni na jua mgongoni mwake, uso wake huuoni. Makochi yetu matatu yalikuwa yakitazama dirisha la magharibi, kwa kuwa runinga iko chini yake. Jioni ileile tuliyageuza, dirisha likawa ubavuni, na runinga ikaenda ukuta wa kaskazini. Gharama: hakuna. Laksi hazikuongezeka hata moja, lakini chumba kimepoa kwa macho.

6 Julai: Vioo

Madirisha yote yana kioo cheusi. Fundi aluminiamu alishangaa nilipomwambia atoe. "Mama, wenzako wananipigia simu niwawekee, wewe unatoa?" Sababu za kuwekwa nazielewa. Barabara iko karibu, na mchana mpita njia haoni ndani. Ila usiku ukiwasha taa anaona kila kitu, na mchana wewe unakaa gizani. Kioo cheupe cha milimita 5 kinapitisha karibu asilimia 90 ya mwanga. Kioo cheusi kinategemea rangi yake. Chetu, nilipopima mbele na nyuma yake kwa simu, kilikuwa kinameza zaidi ya nusu.

Fremu zimebaki, tumebadili vioo tu. Jikoni na vyumba vya kaskazini: 190,000 pamoja na ufundi. Huko hakuna cha kulalamikia. Chumba cha kaskazini sasa kina mwanga mtulivu kutwa nzima.

Sebuleni, 140,000, mambo yalikwenda kombo. Chini ya dirisha laksi zilipanda kutoka 900 hadi zaidi ya 2,000. Kochi la nyuma zilitoka 45 hadi 80. Kwa karatasi hiyo ni faida. Ukikaa pale chumba kinaonekana cheusi kuliko zamani. Jicho linajipanga kwa kitu king'avu kilicho mbele yake. Dirisha likizidi kung'aa huku ukuta wa nyuma ukibaki ulivyo, ukuta ndio unaonekana umefifia. Mama alisimama mlangoni, akaweka mkono juu ya macho, akarudi koridoni.

Kuanzia hapa nimeacha kufukuza namba kubwa. Kipimo kinachonisaidia ni uwiano: laksi za dirishani ukizigawa kwa laksi za nyuma. Kabla ulikuwa 20, sasa umepita 25. Tunataka ushuke.

Fundi alitaka kurudisha kioo cheusi bure. Nimemwambia tusubiri, kwa sababu ukuta wa nyuma bado una rangi ya kahawia.

20 Julai: Rangi

Kuta za sebule zilikuwa na kahawia ya mafuta kutoka chini hadi kiunoni, ili zisichafuke, na juu yake rangi ya maziwa. Dari ilikuwa na mapambo ya kahawia pia. Vyote vimepakwa vyeupe. Ndoo mbili za lita 20 zilikuwa 190,000, fundi rangi 150,000.

Kwa ukuta wa nyuma fundi alishauri rangi inayong'aa, kwa hoja kwamba inarudisha mwanga zaidi na inafutika. Kufutika, ndiyo. Mwanga nao inaurudisha, lakini mahali pamoja, kwa hiyo saa 11 jioni ukuta ulikuwa na dirisha la pili lenye makali kama lile la kwanza. Galoni hiyo ya 45,000 imefunikwa na rangi isiyong'aa. Rangi nyeupe isiyong'aa inauchukua mwanga na kuumwaga pande zote, na kwa macho ya mama tofauti hiyo ni kubwa.

Kazi ndogo iliyolipa kuliko nilivyotarajia: kingo za ndani za dirisha. Ukuta ni tofali ya inchi sita na plasta, kwa hiyo dirisha lina ubavu wa karibu sentimita 15 kila upande. Fundi alizichonga plasta zikalala kwa mshazari kuelekea ndani, akazipaka nyeupe. Sasa kati ya kioo king'avu na ukuta kuna ukanda wa mwanga wa wastani, na jicho linashuka taratibu badala ya kudondoka. Saruji iliyotumika ilikuwa ya mabaki.

Uwiano wa sebule asubuhi: 11.

10 Agosti: Korido

Tulichelewa, maana fundi alikuwa Nzuguni kwenye Nanenane kama nusu ya mji.

Kwanza tulijaribu njia ya chupa, kwenye banda la stoo la uani. Ni ile aliyoibuni makanika wa Brazil, Alfredo Moser, mwaka 2002, wakati umeme ulikuwa wa shida kwao. Chupa ya plastiki ya lita mbili unaijaza maji safi, unaongeza vifuniko viwili vya dawa ya klorini ili maji yasiote ukijani, unaipenyeza kwenye tundu la bati, nusu juu nusu chini, na kuziba kwa silikoni. Maji yanaukunja mwanga na kuutawanya chini. Husemwa inatoa mwanga wa taa ya wati 40 hadi 60 jua likiwa kali, na stoo yetu sasa mtu anasoma maandishi kwenye mfuko wa mbegu. Gharama: silikoni ya 7,000.

Koridoni chupa haifai. Kuna dari, na chupa itawaangazia panya. Ilibidi tujenge sanduku: juu bati la plastiki linalopitisha mwanga, chini tundu kwenye jipsamu, katikati kuta za plaiwudi zinazounganisha viwili hivyo. Letu lina sentimita 60 kwa 60 na urefu wa mita 1.1, na limekaa kati ya kenchi mbili za paa bila kukata mbao yoyote. Chini tumelifunga kwa polikaboneti ya ukungu, yaani plastiki ngumu inayopitisha mwanga.

Yaliyogoma:

Bati la plastiki la kwanza halikulingana migongo na bati letu. Dukani walisema yote ni sawa. Si sawa. Nenda na kipande cha bati lako mkononi. La kwanza limebaki uani, na kwenye hesabu lipo.

Ndani ya sanduku fundi alibandika karatasi ya alumini ili mwanga usipotee. Saa saba mchana palitokea doa la jua kali ukutani, likitembea na kutikisika kila bati lilipotikiswa na upepo. Tumeibandua, tukapaka nyeupe isiyong'aa. Mwanga ulipungua kidogo, makali yakaisha kabisa.

Joto: sanduku lililofungwa juu na chini linageuka tanuri. Tulitoboa matundu juu ya plaiwudi ili hewa ya moto itokee darini. Agosti upepo unatoka kusini-mashariki na vumbi jekundu, na baada ya siku chache polikaboneti ilikuwa na rangi ya chungwa. Tumeziba matundu ya upande wa upepo, tukaacha ya kaskazini-magharibi na kuyawekea wavu wa mbu mara mbili. Polikaboneti imekaa kwenye fremu ya skrubu nne ili ishushwe na kupanguswa. Mkiijenga, msiigundishe.

Jumla: mabati mawili 76,000, plaiwudi 45,000, polikaboneti 40,000, silikoni 28,000, fundi 80,000. Laksi katikati ya korido zimetoka 6 hadi 180 mchana, na swichi ya korido haiguswi mpaka jua lizame.

Ila mama alihamisha kiti siku ileile. Sanduku limekaa juu ya mahali pake hasa. Amehamia chumbani, amefunga pazia. Sikuwa nimefikiria kwamba giza la korido nalo lilikuwa na mwenyewe. Mwisho wa korido, karibu na bafu, bado pana kivuli. Tumempelekea kiti huko, anakaa mgongo kwenye sanduku na mbele yake ukuta mweupe. Ameridhika nusu.

31 Agosti: Sakafu

Marumaru yetu ni nyeupe na inang'aa, aina iliyoko kila nyumba mpya hapa mjini. Juzi jioni nilimwona mama akivuka sebule. Alifika katikati, akasimama, akanyoosha mguu mmoja na kugusa sakafu kwa ncha ya kandambili, kisha akazunguka kwa nyuma ya kochi. Nilimuuliza. "Mmemwaga maji hapa, hamfuti."

Hapakuwa na maji. Ilikuwa michirizi ya jua la magharibi juu ya marumaru. Mtu mwenye mtoto wa jicho, mwanga mkali unatawanyika ndani ya jicho lake kabla haujafika panapotakiwa, kwa hiyo mng'ao ambao mimi nauona kama doa, yeye anaona bwawa. Ndiyo maana alikuwa haji sebuleni mchana wala jioni, na hakuwahi kulisema kwa kuwa alidhani sisi ni wachafu tu.

Kubadili marumaru ya sebule nzima hatuna uwezo. Tulijaribu kuacha sakafu bila kupigwa dawa ya kung'arisha. Haikusaidia, mng'ao uko kwenye kigae chenyewe. Mkeka mpana kutoka soko la Majengo, 55,000, umetandikwa pale chaki ilipoonyesha jua linapopita, na umeshikwa chini kwa gundi ya pande mbili asije akajikwaa. Rangi yake ni ya ukindu mkavu, si nyeusi wala nyeupe. Jua linaloangukia mkeka linapanda darini likiwa na rangi ya asali, na wageni wanauliza tumebadili taa gani.

12 Oktoba: Kiwambo cha magharibi

Hii ndiyo kazi kubwa na ghali. Tarehe 9 jua lilipita juu ya kichwa, nguzo ya waya wa nguo ikakosa kivuli, na joto la Oktoba ndilo mnalolijua.

Mpango: ukuta wa tofali za maua zenye matundu, mita 3 kwa 2.4, mita moja mbele ya dirisha la sebule. Jirani wa mbele alishauri zabibu badala yake, na kweli chanja yake ni nzuri kutazama. Lakini zabibu Dodoma zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na kila msimu unaanza kwa kupogoa. Ukishapogoa, una vijiti na waya kwa majuma kadhaa, na jua halisubiri.

Tofali tulizonunua zina sentimita 20 kwa 20, kina cha sentimita 10, tundu la sentimita 15. Zilihitajika 180, kwa 1,500 kila moja: 270,000. Ukuta ukasimama, ukapendeza, ukapigwa picha. Saa 8 na dakika 40 mchana jua lilianza kupenya. Ilipofika saa tisa sebule nzima ilikuwa na madoadoa ya jua, kochini, kwenye runinga, usoni mwa mtoto aliyekuwa akiandika. Yalitia kiwi kuliko jua zima, kwa sababu jicho linaruka kutoka doa hadi kivuli kila linapogeuka.

Hesabu yake ni rahisi, na ifanyeni dukani kabla ya kulipa. Kina cha tofali ukikigawa kwa kimo cha tundu ndicho kinachoamua. Tundu la 15 na kina cha 10 linazuia jua likiwa juu ya digrii 56 tu. Magharibi, jua lililo juu hivyo halikuwa na shida toka mwanzo. Shida ni linaposhuka. Ukiongeza kina hadi 20, jua linazuiwa mpaka lishuke digrii 37, ambayo kwa mwezi huu ni karibu saa 10 jioni.

Kwa hiyo tumejenga safu ya pili nyuma ya ile ya kwanza, tundu kwa tundu, 270,000 nyingine. Fundi aliona ni wazimu, "Mama, hii ngome," lakini alifunga kamba na pima maji vizuri na matundu yamelingana. Saruji mifuko mitano 90,000, mchanga 50,000, ufundi wa safu zote mbili 200,000. Kiwambo kizima: 880,000. Mwenye kununua tofali zenye matundu madogo tangu mwanzo atalipa nusu ya tofali zangu.

Ndani ya matundu na upande unaotazama nyumba tumepaka chokaa. Mchana sasa hakuna jua linaloingia sebuleni moja kwa moja. Kinachoingia ni mwanga uliokwisha kugonga ubavu wa tundu, au udongo mwekundu kati ya kiwambo na dirisha. Chini ya dirisha saa 9 mchana nasoma 650, kochi la nyuma 110. Uwiano ni 6. Laksi za dirishani ni chini ya zile za kioo cheusi cha asubuhi ya Juni, na chumba kinaonekana kina mwanga kuliko siku yoyote tangu tuhamie. Pazia zito limeondolewa. Faragha imepatikana bila kioo cheusi, maana kutoka barabarani yanaonekana matundu tu.

Kuanzia saa 10 hadi jua kuzama, dakika chache kabla ya saa 12 na nusu, madoa yanarudi, na hapo tunavuta pazia jepesi jeupe la 60,000. Hilo limetosha.

Mama anakaa sebuleni, ubavuni mwa dirisha, tangu baada ya chai ya asubuhi. Jana alimtambua shangazi yetu mlangoni kabla hajasalimia, akamtangulia kwa salamu ya Kigogo: "Mbukwa!"

16 Novemba: Jiko, na jua lililohama

Jiko nililiacha nyuma kwa sababu nilidhani limekwisha. Mwezi wa saba, baada ya kuweka kioo cheupe, nilikwenda kwa mzee jirani na shikamoo yangu nikaomba kupaka chokaa upande wa ukuta wake unaotutazama. Uko mita moja na nusu kutoka dirisha letu, na ulikuwa saruji tupu. Alifikiri nina jambo la mpaka. Nilipomweleza, alisema, "Paka, hata juu paka." Chokaa na kijana wa kupaka: 30,000. Meza ya jiko ilitoka 150 hadi 340 mchana. Kwa shilingi moja moja, hakuna kazi katika shajara hii iliyolipa zaidi.

Tangu katikati ya Oktoba jiko limekuwa likirudi gizani. Chokaa ni ileile. Kilichohama ni jua. Ukuta wa jirani unatazama kaskazini. Kuanzia Machi mwanzoni hadi Oktoba mwanzoni, jua la mchana linaupiga. Sasa jua liko kusini, nyuma ya ukuta huo, na uso wake wa kwetu uko kivulini kutwa. Wiki hii meza inasoma 190.

Fundi alipendekeza kukata linta, boriti ya juu ya dirisha, ili dirisha lipande juu. Hapana. Linta inabeba paa, na nyufa si mwanga.

Nilirudi kwenye chaki, safari hii nje. Mchana jua la kusini linaruka juu ya ukuta wa jirani na kuangukia ukanda wa ardhi chini ya dirisha letu, upana wa sentimita 80 hivi. Hapo tumemwaga kokoto nyeupe, 70,000, na chini ya upenu tumepaka rangi nyeupe iliyobaki. Jua linagonga kokoto, linapanda upenuni na kuingia hadi dari ya jiko. Meza: 310. Mwanga wake unatoka chini, na asubuhi sufuria zilizoning'inizwa zinang'aa matako badala ya mabega. Unazoea.

Kwa hiyo jiko la kusini Dodoma linahitaji vyote viwili, ukuta wa Juni na ardhi ya Desemba.

21 Desemba: Mvua

Mvua kubwa ya kwanza ilituonyesha tulichoficha. Bati la plastiki la korido lilivuja kwenye mlalio, yaani pale linapolaliana na bati jingine. Fundi alilipachika juu ya bati la upande wa juu badala ya kulichomeka chini yake, na kiangazi hakuna aliyejua. Maji yaliteremka ndani ya sanduku, polikaboneti ikajaa kama karai. Skrubu nne zile zilituokoa. Tulishusha, tukamwaga, dari haikulowa. Bati limechomekwa upya, misumari ya zamani imebadilishwa kwa yenye mpira, na mlalio umeongezwa. Gharama: 34,000.

Kokoto za jikoni zimerushiwa tope na nusu yake ni nyekundu. Kuosha kwa ndoo kunasaidia mpaka mvua inayofuata. Meza imeshuka hadi 260. Tutaweka ukingo wa tofali kuzuia maji ya uani yasipite pale.

Siku ya mawingu mazito nilipima nyumba nzima. Namba zilikuwa chini kila mahali, na hakuna aliyewasha taa mpaka saa 11. Wingu linafanya bure kazi ya kiwambo cha 880,000, basi tu halikai.

Jumla hadi leo, pamoja na galoni na bati yasiyotumika: 2,120,000. Kilichobaki ni chumba cha watoto, mashariki. Kioo cheusi bado kipo, na jua la saa moja asubuhi linawaamsha kabla ya kengele, jambo ambalo baba yao hataki lirekebishwe. Nitaanza na kingo za dirisha na kuiacha alfajiri kama ilivyo. Chaki inarudi sakafuni Januari, shule zikifunguliwa.